Jinsi ya kuufundisha mtandao wa neva ukoo mzima na kuufanya ukisie mjomba ni nani

Mwaka 1986 mwanasayansi wa kompyuta Geoffrey Hinton alionyesha mtandao mdogo wa neva (programu inayojifunza kwa kurekebisha namba zake) ukijifunza koo mbili, moja ya Waingereza na nyingine ya Waitaliano. Kila ukoo ulikuwa na watu 12, na mahusiano yalikuwa ya aina 12: baba, mama, mume, mke, kaka, dada na mengineyo. Ukiyaandika yote unapata kauli 104. Mtandao ulifundishwa kauli 100, na 4 zikafichwa ili kuona kama utaweza kuzifikia wenyewe.

Kilichowashangaza watu zaidi kilikuwa ndani ya mtandao. Kila mtu alikuwa amepewa nafasi 6 tu za namba, na mafunzo yalipokwisha baadhi ya nafasi hizo zilikuwa zimejipanga kubeba kizazi cha mtu na upande wa ukoo anaotoka. Hakuna mahali popote kwenye data palipoandikwa "kizazi". Mtandao uliligundua wazo hilo kwa sababu lilikuwa linausaidia kujibu.

Katika mwongozo huu tutairudia kazi hiyo kwa ukoo wa kwetu na kwa zana za leo. Unahitaji Python kidogo, kompyuta ya kawaida au daftari la bure la Google Colab (ukurasa wa mtandaoni wa kuandika na kuendesha Python), na kalamu na karatasi kwa hatua ya pili na ya tatu. Jambo moja nitalisisitiza kila mahali: chunguza kwanza tabia za mahusiano yako, ndipo uchague modeli, yaani aina ya hesabu ambayo mtandao utaitumia. Wanaoanza wengi hukimbilia modeli yenye jina kubwa, kisha wanakesha wakibadilisha mipangilio, kumbe hesabu ya modeli ile haiwezi kabisa kubeba kile wanachoitaka.

Hatua ya 1: Andika ukoo kwa kauli za sehemu tatu

Maarifa yote tunayaandika kwa umbo moja: mtu, uhusiano, mtu. Fungua faili tupu, uliite ukoo.tsv, kila kauli ikae kwenye mstari wake na sehemu zake zitenganishwe kwa tabo:

Asha    mama_wa    Juma
Asha    mama_wa    Mwanaidi
Hamadi    kaka_wa    Asha
Rehema    dada_wa    Asha
Hamadi    baba_wa    Bakari
Hamadi    mjomba_wa    Juma
Rehema    shangazi_wa    Bakari

Soma kutoka kushoto: Asha ni mama wa Juma. Mwelekeo huo usiuvunje hata mara moja. Mstari mmoja uliogeuzwa hauonekani kwa macho katika faili la mistari elfu, lakini mtandao utaujifunza kama ulivyo.

Mahusiano 12 ya Hinton usiyanakili. Katika orodha yake ndugu wa kiume wa baba na ndugu wa kiume wa mama wamewekwa kapu moja, na dada zao vilevile. Kwetu ndugu wa kiume wa mama ni mjomba, wa baba ni baba mdogo au baba mkubwa. Dada wa baba ni shangazi, wa mama ni mama mdogo au mama mkubwa. Kwa mtandao hii ni nafuu kubwa, kwa kuwa mjomba anafikiwa kwa njia moja tu, kaka wa mama. Uhusiano wenye njia mbili unamlazimisha mtandao kutafuta namba zitakazoziridhisha njia zote mbili kwa pamoja.

Lakini kuna deni linalokuja na nafuu hiyo. Ili kumtofautisha mama mdogo na mama mkubwa lazima ijulikane nani alizaliwa kwanza kati ya mama na dada yake. Kama faili lako halina taarifa hiyo, mtandao hauna pa kuitoa. Ama ongeza uhusiano mkubwa_kwa baina ya ndugu, ama unganisha mama mdogo na mama mkubwa kuwa uhusiano mmoja. Kwa mara ya kwanza mimi ningeunganisha.

Watu sita wa hapo juu ni wa kuonyeshea tu. Lenga watu kama 100, vizazi vitatu au vinne, koo kadhaa zilizoungana kwa ndoa. Usiziandike kauli zote kwa mkono. Andika za msingi tu (nani mzazi wa nani, jinsia, nani kamwoa nani), halafu andika programu fupi izalishe kaka, dada, mjomba, shangazi, babu na bibi kutokana na hizo. Hivyo utakuwa na ukweli kamili mkononi, na utajua kwa hakika kipi umekificha. Na majina yawe ya kubuni. Ndugu zako hawajakupa ruhusa ya kuupandisha ukoo wao kwenye seva ya mtu.

Hatua ya 2: Orodhesha tabia za kila uhusiano

Chukua karatasi, andika kila uhusiano, na mbele yake jibu maswali haya.

Je, ukigeuza unabaki kweli? Ndugu_wa unabaki: Asha ndugu wa Hamadi, Hamadi ndugu wa Asha. Mama_wa haubaki kamwe. Kaka_wa uko katikati, maana Hamadi ni kaka wa Asha lakini Asha si kaka wa Hamadi. Wakiwa wavulana wawili, kila mmoja ni kaka wa mwenzake.

Je, una kinyume chake? Mzazi_wa na mtoto_wa ni jambo moja lililotazamwa kutoka pande mbili. Yaandike majozi haya vizuri, kwa sababu hatua ya tano inayategemea.

Je, mmoja anaelekea kwa wengi? Mama mmoja, watoto sita. Babu mmoja, wajukuu ishirini. Katika ukoo karibu kila uhusiano uko hivi, ukiacha ndoa ya mke mmoja.

Je, unatokana na mnyororo wa mahusiano mengine? Kaka_wa ukifuatwa na mama_wa unazaa mjomba_wa. Dada_wa ukifuatwa na baba_wa unazaa shangazi_wa. Hapa ndipo kufikiri kunapoanzia: kutoka kauli mbili unazozijua kufika kwenye ya tatu ambayo hakuna aliyekuambia.

Hatua ya 3: Fanya hesabu moja kwa mkono

Usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Inakupa macho ya kuona kinachotokea ndani ya mashine.

Modeli rahisi kuliko zote ni TransE, iliyotolewa na Antoine Bordes na wenzake mwaka 2013. Wazo lake ni kwamba kila mtu ni nukta kwenye ramani ya namba, na kila uhusiano ni hatua ya kutembea. Ukisimama kwa Asha ukatembea hatua ya mama_wa, unapaswa kufika kwa Juma. Kadiri unavyoangukia mbali, ndivyo kauli inavyoaminika kidogo.

Tumia namba mbili tu kwa kila kitu. Asha mweke kwenye (2, 1). Mama_wa iwe hatua ya (1, −3). Jumlisha: (2+1, 1−3) = (3, −2). Hapo ndipo Juma anapokaa. Sasa Hamadi awe (0, 2) na kaka_wa iwe (2, −1). Hamadi ukimjumlishia kaka_wa unapata (2, 1), ambapo ni kwa Asha. Kauli zote mbili ziko sawa.

Sasa jumlisha hatua zenyewe: kaka_wa na mama_wa kwa pamoja ni (3, −4). Ukitoka kwa Hamadi (0, 2) ukatembea (3, −4) unafika (3, −2), kwa Juma. Kwa hiyo mtandao ukijifunza kwamba mjomba_wa ni karibu na (3, −4) kutokana na koo nyingine, utamkisia Hamadi kuwa mjomba wa Juma hata kama mstari huo haumo kwenye faili lako. Kanuni nzima ya ujomba imegeuka kuwa kujumlisha. Kwangu huu ni uzuri wa kweli wa njia hii, na ndio ulioifanya TransE ipendwe haraka.

Endelea na kalamu ileile, tafuta inapovunjika. Asha ni mama wa Mwanaidi pia. Asha na mama_wa ni walewale, basi Mwanaidi naye anaangukia (3, −2). Juma na Mwanaidi wamekuwa nukta moja. Wana baba tofauti? Mmoja ameolewa Tanga na mwingine bado mtoto? Ramani haiwezi kukuambia. Halafu ongeza kauli Juma kaka_wa Mwanaidi. Wako mahali pamoja, kwa hiyo kaka_wa inapaswa kuwa (0, 0). Lakini Hamadi alituhitaji kaka_wa iwe (2, −1). Na kwa ndugu_wa hali ni mbaya zaidi: ukienda na kurudi kwa hatua ileile ya kujumlisha unaweza kurudi ulikotoka kwa njia moja tu, hatua iwe sifuri.

Kuongeza namba kutoka 2 hadi 200 hakutibu jambo hili. Katika mafunzo halisi mtandao hutafuta maelewano, kila mtu akisogea kidogo ili kosa la jumla lipungue, na matokeo yanaonekana ya kuridhisha mpaka utakapouliza maswali ya ndugu.

Hatua ya 4: Chagua modeli kwa kufuata karatasi ya hatua ya 2

DistMult huzidisha badala ya kujumlisha: namba za mtu wa kwanza, za uhusiano na za mtu wa pili zinazidishwa nafasi kwa nafasi, kisha zinajumlishwa kuwa alama. Kuzidisha hakujali nani katangulia, kwa hiyo "Asha mama_wa Juma" na "Juma mama_wa Asha" zitapata alama sawa daima. Kwa ukoo, iache.

ComplEx, ya Théo Trouillon na wenzake mwaka 2016, inatengeneza kasoro hiyo kwa kutumia namba changamano, namba zenye sehemu mbili. Inabeba uhusiano wa upande mmoja na wa pande mbili, na kwa kuwa ni ya kuzidisha, mama mmoja anaweza kupata alama za juu kwa watoto sita bila watoto hao kulazimika kukaa nukta moja. Udhaifu wake ni mnyororo: hesabu yake haina njia ya moja kwa moja ya kusema kaka_wa pamoja na mama_wa ni mjomba_wa.

RotatE, ya mwaka 2019, inabadilisha hatua ya kutembea kuwa kuzunguka. Kila uhusiano ni pembe. Ukizungusha nyuzi 180 mara mbili unarudi ulikotoka, kwa hiyo ndugu_wa inapata makazi. Kinyume ni pembe ileile kwa upande wa pili. Mnyororo ni kujumlisha pembe. Ila msongamano wa watoto wa mama mmoja haujaondoka, maana kuzungusha nukta moja kunakupeleka kwenye nukta moja.

Kwa ukoo ningeanza na RotatE, kwa sababu tunachotaka ni minyororo, kisha ningefundisha ComplEx kwa faili lilelile na kulinganisha uhusiano mmoja mmoja. Mara nyingi utakuta moja inaongoza kwa mjomba na nyingine kwa mama. Data yako ikiwa ni ya namna nyingine, kwa mfano wilaya zinazopakana au dawa na magonjwa, rudi kwenye karatasi yako. Jibu linaweza kuwa tofauti kabisa.

Hatua ya 5: Ficha kauli za mtihani bila kuvujisha majibu

Hatua hii imewahi kuwaponyoka watafiti wakubwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Njia ya kawaida ni kuchanganya kauli zote na kutenga sehemu moja ya kumi kwa bahati nasibu. Sasa fikiria Asha mama_wa Juma imebaki kwenye mafunzo, na Juma mtoto_wa Asha imeangukia mtihani. Mtandao unahitaji tu kujua kwamba mtoto_wa ni kinyume cha mzazi, na jibu liko mezani. Utapata alama za juu, ufurahi, na mtandao hautakuwa umejifunza chochote kuhusu ukoo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa FB15k, mkusanyiko uliotumika sana tangu 2013, wenye wahusika 14,951 na mahusiano 1,345 yaliyotolewa kwenye Freebase, hifadhidata kubwa ya maarifa. Mwaka 2015 Kristina Toutanova na Danqi Chen walionyesha kwamba kauli nyingi za mtihani zilikuwa na kinyume chake kwenye mafunzo, wakachuja na kubakiza mahusiano 237. Mkusanyiko huo uliosafishwa ndio FB15k-237. Baadaye Tim Dettmers na wenzake walionyesha kwamba kanuni moja ya kugeuza kauli, bila mtandao wa neva wowote, ilifikia matokeo ya juu kabisa kwenye FB15k na kwenye WN18, mkusanyiko mwingine wa namna hiyo, wa maneno ya Kiingereza. Kutoka hapo ikaja WN18RR, toleo lililosafishwa la WN18, lenye mahusiano 11. Ukisoma makala ya zamani inayojisifia matokeo ya FB15k au WN18, isome ukilijua hilo.

Kwa faili lako fanya hivi. Chukua karatasi ya majozi ya kinyume. Kauli ikienda mtihani, kinyume chake kiende nayo, au kiondolewe kabisa kwenye mafunzo. Kauli za ndugu_wa zifiche pande zote mbili kwa pamoja. Hakikisha kila mtu aliye kwenye mtihani anaonekana angalau mara chache kwenye mafunzo, la sivyo namba zake zitabaki zilezile za bahati nasibu alizoanza nazo. Na kama lengo lako ni kupima kufikiri, ficha zaidi kauli za mjomba_wa, shangazi_wa na babu_wa, ukiacha za kaka_wa na mama_wa. Ila usizifiche zote. Mtandao lazima uone wajomba kadhaa ili ujue neno hilo linasimama wapi.

Hatua ya 6: Fundisha

Mtandao haujifunzi kwa kauli za kweli peke yake. Ungewaweka watu wote nukta moja na kudai hauna kosa. Unahitaji uongo wa kulinganisha nao. Programu huchukua kauli ya kweli, ikabadilisha mtu mmoja kwa bahati nasibu (Asha mama_wa Bakari), kisha mtandao unasukumwa ili kauli ya kweli iwe karibu zaidi kuliko ya uongo kwa pengo fulani. Tuseme pengo ni 1, umbali wa kweli ni 0.4 na wa uongo ni 0.9. Kosa ni 1 + 0.4 − 0.9 = 0.5, bado kuna kazi. Umbali wa uongo ukifika 1.4 au zaidi, kosa ni sifuri na mtandao unaachwa upumzike kwa jozi hiyo.

Hatari iko kwenye neno "bahati nasibu". Katika ukoo mdogo ni rahisi kubadilisha Juma ukapata Mwanaidi, na Asha mama_wa Mwanaidi si uongo. Washa uchujaji unaoziondoa kauli za kweli zinazojulikana. Kumbuka pia kwamba kauli isiyokuwepo kwenye faili si lazima iwe ya uongo. Huenda hakuna aliyeiandika. Kwa ukoo wako wa kubuni unao ukweli wote, lakini ukihamia kwenye data halisi kama Wikidata, hifadhidata huria ya maarifa, mapengo ni mengi na hutayajua.

Maktaba ya PyKEEN inakufanyia karibu yote haya. Ukiwa umegawa mafaili matatu kwa mkono (mafunzo, mtihani, na uhakiki wa kupimia njiani) kwa kufuata masharti ya hatua ya tano:

```
from pykeen.triples import TriplesFactory
from pykeen.pipeline import pipeline

mafunzo = TriplesFactory.from_path("mafunzo.tsv")
ramani = dict(
    entity_to_id=mafunzo.entity_to_id,
    relation_to_id=mafunzo.relation_to_id,
)
uhakiki = TriplesFactory.from_path("uhakiki.tsv", **ramani)
mtihani = TriplesFactory.from_path("mtihani.tsv", **ramani)

matokeo = pipeline(
    training=mafunzo, validation=uhakiki, testing=mtihani,
    model="RotatE",
    model_kwargs=dict(embedding_dim=32),
    training_kwargs=dict(num_epochs=300),
    negative_sampler_kwargs=dict(filtered=True),
    random_seed=7,
)
```

Ile ramani ni ya lazima: inahakikisha Juma wa mafunzo na Juma wa mtihani wanapewa namba moja ya utambulisho. Vekta (orodha ya namba za kila mtu) za namba 32 zinatosha kwa watu 100. Ukiweka 500 mtandao utapata nafasi ya kukariri kila mstari bila kulazimika kugundua wazo lolote la jumla, na kile kisa cha Hinton cha kizazi hutakiona. Ubanaji ndio unaoulazimisha kutafuta mpangilio.

Hatua ya 7: Pima, kisha tazama ndani

Swali la mtihani linaulizwa hivi: nani ni mjomba wa Juma? Mtandao unawapanga watu wote kwa alama, nawe unatazama Hamadi kashika nafasi ya ngapi. Kabla ya kuhesabu, waondoe wajomba wengine wa kweli waliomtangulia, wasimpunguzie alama bila kosa.

Kipimo kinachotumika sana ni wastani wa kinyume cha nafasi. Majibu matatu yakishika nafasi ya 1, ya 2 na ya 4, unajumlisha 1 + 0.5 + 0.25, unagawa kwa 3, unapata takriban 0.58. Kipimo kingine huangalia mara ngapi jibu limeingia kumi bora. Kwa ukoo wa watu 24 hicho ni kipimo kisicho na maana, kwa kuwa hata anayebahatisha anaingia mara 10 kati ya 24. Tumia nafasi ya kwanza, au tatu bora.

Usikubali namba moja ya jumla. Toa matokeo kwa kila uhusiano. Wastani mzuri unaweza kuficha kwamba mke_wa iko sawa na shangazi_wa imeharibika kabisa.

Baada ya hapo chora vekta za watu kwenye ramani ya pande mbili (mbinu ya PCA, inayobana namba nyingi kuwa mbili, inatosha) na upake rangi kwa kizazi, kisha uchore upya ukipaka kwa ukoo. Vizazi vikijitenga, mtandao umejenga wazo. Rangi zikichanganyika ovyo huku alama za mafunzo zikiwa juu, umekariri: punguza ukubwa wa vekta au ongeza koo.

Hatua ya 8: Ongeza kanuni unazozijua

Kwa nini mtandao uhangaike kugundua kitu ambacho kila mtoto wa nyumbani anakijua? Kanuni "kaka wa mama ni mjomba" inaweza kuingizwa kwenye mafunzo yenyewe kama kosa la ziada.

Alama za mtandao zibadilishe kuwa kati ya 0 na 1. Tuseme mtandao unaamini Hamadi kaka_wa Asha kwa 0.9, Asha mama_wa Juma kwa 0.8, lakini Hamadi mjomba_wa Juma kwa 0.3 tu. Sharti la kanuni ni 0.9 × 0.8 = 0.72. Ukweli wa kanuni nzima unahesabiwa 1 − 0.72 + 0.72 × 0.3, yaani 0.496. Kosa ni logi asilia ya hiyo, ikageuzwa kutoka hasi kuwa chanya, takriban 0.70. Mtandao ukipandisha imani ya ujomba hadi 0.9, ukweli wa kanuni unafika 0.928 na kosa linashuka karibu na 0.07.

Tazama kwa makini, maana kuna mlango wa nyuma. Kosa lilelile linaweza kushuka kwa mtandao kuacha kuamini kwamba Hamadi ni kaka wa Asha. Sharti likiwa la uongo, kanuni haina la kulalamikia. Kwa namba hizi msukumo wa kupunguza imani ya kaka_wa si mdogo: 0.56, dhidi ya 0.72 wa kupandisha mjomba_wa, kabla ya kugawa zote kwa 0.496. Dawa ni kuzuia gradienti, yaani msukumo huo wa kurekebisha namba, isipite upande wa sharti (katika PyTorch, maktaba ambayo PyKEEN imejengwa juu yake, ni detach), ili kanuni iweze kupandisha hitimisho tu. Halafu kosa la kanuni lipe uzito mdogo mwanzoni, kama 0.1, uongeze vekta zikishatulia.

Kanuni zako zikiwa hazina ubishi, kama hizi za ukoo, jiulize pia kama unahitaji kuziingiza kwenye mafunzo. Programu ya kawaida ya kanuni, inayozalisha kila hitimisho linalotoka kwenye kauli zilizopo, itakupa wajomba wote kwa uhakika kamili. Mtandao wa neva una kazi pale kauli zinapokosekana, zinapokuwa na makosa, au kanuni inapokuwa ya "mara nyingi" badala ya "daima". Vyote viwili vinaweza kufanya kazi pamoja: mtandao unapendekeza, kanuni zinakagua. AlphaGeometry, mfumo wa Google DeepMind wa mwaka 2024 uliotatua maswali 25 kati ya 30 ya jiometri ya olimpiadi, ulijengwa kwa mgawanyo huo, modeli ya lugha ikipendekeza mistari ya kuongeza kwenye mchoro na injini ya kanuni ikithibitisha.

Hatua ya 9: Ujaribu kwa minyororo mirefu na kwa maandishi

Mjomba ni mnyororo wa hatua mbili. Uliza wa hatua tatu: mjomba wa mama wa Juma. Nne: mtoto wa mjomba wa mama yake. Kila kiungo kina kosa lake dogo, na makosa hujumlishana. Mwaka 2019 ulitolewa mtihani wa CLUTRR, wa hadithi fupi za familia, ambapo mtandao hufundishwa kwa minyororo mifupi na kupimwa kwa mirefu zaidi. Modeli zilizopewa grafu safi ya ukoo zilihimili urefu vizuri kuliko zile zilizosoma maandishi tu. Kwa faili lako, chora mstari wa usahihi kwa kila urefu. Utaona mahali unapoporomoka, na hapo ndipo pa kukabidhi kazi kwa programu ya kanuni.

Modeli kubwa za lugha nazo hubeba maarifa ndani ya namba zao, lakini usizitegemee kama daftari la ukoo. Mwaka 2023 Lukas Berglund na wenzake walionyesha kwamba GPT-4 ilipoulizwa mzazi wa mtu mashuhuri ni nani ilijibu sawa 79% ya maswali, na ilipoulizwa kinyume, mtoto mashuhuri wa mzazi huyo ni nani, ikashuka hadi 33%. Kauli iliyosomwa upande mmoja haikugeuka yenyewe. Wewe uliyeandika majozi ya kinyume katika hatua ya pili unajua sababu ya kulijali hilo.

Modeli ya lugha itumie mahali inapofaa: isome maandishi ya kawaida, iandike kauli za sehemu tatu, kisha kauli hizo zipite kwenye kanuni kabla ya kuingia kwenye faili. Anza na kanuni nne tu: hakuna aliye mzazi wa nafsi yake, hakuna mwenye mama wawili wa kumzaa, hakuna aliye mzazi wa babu au bibi yake, na kaka_wa haianzi na mwanamke. Kauli yoyote inayovunja mojawapo iwekwe kando ikiwa na sentensi ilikotoka, aisome mtu.